Mawe kumi na moja: shajara ya kuutafuta mpaka wa zamani wa mji wa Lindi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Leo tumeanza rasmi, ingawa urasmi wenyewe ni watu wanne, futi kamba moja ya mita 50, mtarimbo wa kuazima na chupa mbili za maji. Mimi nafundisha jiografia sekondari. Wa pili ni dereva wa bajaji niliyemfundisha kidato cha pili, na mpaka leo ananiita mwalimu hata anaponidai nauli. Wa tatu ni fundi wa kuchimba visima, mwenye mtarimbo ni shemeji yake. Wa nne ndiye mwenye mradi hasa: mzee wa Rahaleo, ambaye ujanani mwake, miaka ya 1960, alikuwa mshika mnyororo wa wapima ardhi.

Kilichotuunganisha ni karatasi. Mwaka jana nilipewa fotokopi ya fotokopi ya ramani ya mji wa Lindi, ya enzi ya Mwingereza, vipimo vyake kwa futi. Kona ya chini imekatwa, kwa hiyo mwaka hauonekani. Lakini mstari unaonekana: unaanzia ufukweni, unapanda kuelekea Mtanda, unazunguka nyuma ya mji, unashuka tena hadi kwenye mikoko, kule maji ya Lukuledi yanakoingia ghubani. Juu ya mstari kuna nukta 11, kila moja na namba yake, na kati ya nukta na nukta umeandikwa umbali.

Niliipeleka kwa mzee nikidhani nukta ni miti au nguzo za simu. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza, akacheka.

"Hayo mawe, mwalimu. Bikoni. Jingine hapo nimelikalia nikila muhogo."

Ndiyo hayo tunayatafuta. Ndani ya mstari ule ulikuwa mji, nje yake mashamba. Leo mpaka wa Manispaa umekwenda mbali kuliko mstari wenyewe, kwa hiyo mawe haya hayana kazi tena kwa mtu yeyote. Sijui niseme nini kwa anayeniuliza faida yake. Wa kwanza kuniuliza alikuwa mke wangu.

Nilichomwambia ni habari niliyosoma ya Washington, Marekani. Walipoupima mji wao mkuu, mwaka 1791 na 1792, waliweka mawe 40, moja kila maili, kuzunguka mraba wa maili 10 kila upande. Mengi yake yapo hadi leo. Baadhi yako uani kwa watu, jingine pembeni ya barabara kubwa, na wapo watu wanaotembea wikendi kuyahesabu yote. Mke wangu akasema, "Basi wao wana wikendi."

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya aibu.

Nilizihamisha nukta za fotokopi nikaziweka kwenye karatasi ya ramani ya nchi, ile ya 1:50,000, nikasoma koordineti zake, yaani namba za kuonyesha mahali, nikaziingiza kwenye simu. Tukapanda bajaji. Simu ikatuongoza kwenda namba 6, mpaka katikati ya ua wa nyumba ya mtu, kando ya kamba ya nguo. Mama mwenye nyumba alikuwa anafua. "Karibuni," akasema, kwa sauti isiyo na karibu hata moja ndani yake.

Namba 5 ikatupeleka juu ya banda la kuku. Namba 7 ikaanguka kwenye korongo ambalo hakuna mpimaji mwenye akili angeweka jiwe, maana mvua ya kwanza tu ingeondoka nalo. Fundi akasema simu yangu imekunywa uraka. Dereva akauliza kama nauli inahesabiwa kwa nukta au kwa safari.

Mzee peke yake hakucheka. Aliuliza: "Hiyo simu yako, umeijaribu mahali unapopajua?"

Sikuwa nimeijaribu. Tukaenda kwenye njia panda inayoonekana vizuri kwenye ramani na ambayo sote tunaijua. Nikasoma koordineti za ramani, nikaziingiza. Simu ikasema njia panda haipo hapa tuliposimama, ipo kule, karibu mita 300 kaskazini na karibu mita 100 magharibi.

Jumapili, 22 Juni

Nimelipata kosa, na ni la kwangu. Karatasi ya 1:50,000 imechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, unaotumia umbo la dunia la Clarke la 1880. Simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Kanda ya ramani ni ileile, 37 kusini, na namba zina sura ileile, tarakimu kwa tarakimu, ndiyo maana hakuna kinachokushtua. Ni kama mtu akwambie tukutane saa mbili, yeye anahesabu kwa Kiswahili, wewe unahesabu kwa Kizungu. Kila mmoja anafika kwa wakati wake sahihi na hamkutani.

Kwa hapa Lindi tofauti ndiyo ile tuliyoiona njia panda. Baadhi ya programu za ramani za simu zina mahali pa kuchagua mfumo, dakika moja ya kazi. Na pembeni ya karatasi imeandikwa wazi: Clarke 1880, Arc 1960. Kila mwaka nawaambia kidato cha tatu wasome maelezo ya pembeni kabla ya kuigusa ramani.

Sijamwambia mtu shuleni.

Jumamosi, 28 Juni

NAMBA 6 IPO!

Niandike kwa utaratibu. Hata baada ya kurekebisha mfumo, ramani ile haiwezi kukusogeza hadi kwenye jiwe. Milimita moja kwenye karatasi ni mita 50 ardhini, na nukta niliyoipiga kwa kalamu peke yake ni nene kuliko hapo. Simu inakupa kitongoji cha kutafuta tu. Kuanzia hapo ni macho, panga na mtarimbo.

Simu ilitufikisha kwenye ukingo wa shamba la mikorosho, Mtanda. Mwenye shamba alikuwepo, akatukubalia kwa sharti tusikanyage miche. Tukajipanga hatua tatu tatu, fundi akawa anachoma mtarimbo ardhini na kusikiliza. Fundi wa visima ana sikio lake. Mchanga unanyamaza, mzizi unarudisha mtarimbo kama mpira, jiwe la asili linatoa mlio mkavu. Saa tano na robo mtarimbo ukagonga kitu akasema, "Hili limetengenezwa." Nikamuuliza amejuaje. Akasema zege lina sauti ya ndani.

Tuliondoa majani makavu na udongo wa kina cha kiganja. Ni nguzo fupi ya kokoto za matumbawe zilizoshikwa kwa zege, uso wake mraba, upana kama shubiri. Juu yake kumechongwa mistari mitatu inayokutana kwenye ncha, na juu ya ncha mstari mmoja wa kulala. Dereva wa bajaji alirudi nyuma hatua mbili.

"Mguu wa kuku," akasema. "Mwalimu, hapa pamefanyiwa kazi."

Mzee akainama, akaweka kiganja chote juu ya jiwe, akakiacha hapo. Ndipo dereva akasogea. Alama hiyo ni mshale wa serikali ya Uingereza. Waliuchonga kwenye mali za serikali na kwenye alama za upimaji popote walipotawala; ukiwa na mstari wa kulala juu yake, wapimaji husoma usawa wa ardhi hapo. Lakini nakubali, ukiukuta peke yako shambani jioni, ni mguu wa kuku.

Tulipiga picha, tukachukua vipimo, nikapaka doa la rangi nyekundu ubavuni mwa jiwe na jingine kwenye shina la mkorosho ulio karibu ili tusipapoteze. Tukala ming'oko ya kuchemsha tuliyoinunua njiani. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumapili, 29 Juni

Simu saa moja asubuhi, kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa. Nani amepaka rangi nyekundu shambani?

Nilipaswa kujua. Nchi hii yote inajua rangi nyekundu ina maana gani. Ukiamka ukakuta X nyekundu ukutani kwako, unaanza kufikiria utahamia kwa nani. Na sisi tulionekana: watu wanne, simu mkononi, futi kamba, na mzee ambaye watu wa rika lake wanakumbuka alikuwa akitembea na wapimaji. Hadi jioni ya jana habari ilikuwa imefika mtaa wa tatu kwamba barabara inapita kwenye mikorosho.

Tukaenda wote wanne. Baraza lilikaa chini ya mwembe, watu kama ishirini. Nilianza kueleza historia, mzee akanigusa goti ninyamaze, akasimama yeye. Alisalimia, akajitambulisha kwa jina la baba yake na la babu yake, akasema tumekosa kwa kuingia bila kubisha hodi kwa mtaa, tunaomba radhi. Ndipo akaeleza jiwe.

Maswali yalikuwa mawili tu, yakiulizwa kwa namna kumi. La kwanza: mnatumwa na nani? Watu wa Lindi wameona Likong'o, ardhi ilivyopimwa na kuthaminiwa kwa ajili ya kiwanda cha gesi kinachopangwa pale. Tangu hapo mtu mwenye jipiesi si mpita njia. Ama analeta fidia, ama analeta shida, na hata fidia ina wasiwasi wake. La pili lilikuja kwa kuzunguka, kwa kijana mmoja aliyesimama nyuma: chini ya jiwe mmekuta nini?

Hatukuchimba chini ya jiwe, nikasema. Akatabasamu kama mtu anayemwonea huruma mwongo asiyejua kazi.

Tumekubaliana: rangi hapana, chaki tu. Tusiingie mtaa wowote bila mjumbe. Tusichimbe kupita kina cha goti. Nimefuta rangi kwenye mkorosho kwa petroli na kisu, mwenye shamba akisimamia.

Jumamosi, 12 Julai

Namba 5. Nimeiwazia wiki nzima.

Kwenye fotokopi, kutoka 6 hadi 5 ni futi 1,320. Mimi niliiona ni namba tu. Mzee aliposikia akasema papo hapo, "Minyororo ishirini." Mnyororo wa mpimaji ulikuwa futi 66, na ishirini ni robo maili kamili. Kwa mita ni 402 na ushee. Akatueleza kazi ilivyokuwa: anayetangulia na anayefuata, vijiti vya chuma vya kuhesabia, na jinsi mnyororo unavyolegea katikati ukiuvuta juu ya bonde, ndipo unapigiwa kelele na mpimaji. Viatu hakuwa navyo.

Tukapima kwa futi kamba yetu, vipande nane vya mita 50 na kimoja kifupi, tukimfuata yeye anavyoagiza. Mjumbe wa mtaa alishika ncha moja na akaipenda kazi. Tulipofikisha mita 402 tulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye shimo.

Shimo lenyewe ni la mtu mzima kusimama, limechimbwa kwa sururu, si la jana wala si la zamani sana. Majani yameanza kuota ukingoni. Pembeni kuna vipande vya zege vilivyopasuliwa, na kimoja kina mstari mmoja wa mguu wa kuku. Mjumbe akatazama mbali. "Watafuta rupia," akasema.

Hili ndilo linalomaliza mawe yetu, si mvua wala mizizi. Imani iko pwani yote na bara: popote Mjerumani alipoacha alama, kaburi, nguzo, jiwe, chini yake amezika mali akikimbia vita. Imani haijatoka hewani. Rupia ilikuwa fedha ya koloni la Mjerumani, na mwaka 1916, walipobanwa na vita, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo. Watu hulipa fedha nyingi kwa sarafu hiyo hadi leo. Lakini Tabora ni Tabora. Na jiwe hili lina mshale wa Mwingereza! Waingereza waliuchukua mji wa Lindi Septemba 1916, Mjerumani akasukumwa bara. Jiwe la aliyekuja lingefunikaje mali ya aliyekwisha kuondoka? Nilimweleza mjumbe yote haya kwa hamasa. Akanisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Sasa kwa nini waliliweka zito hivyo?"

Niliandika kwenye daftari: Namba 5, limepotea. Mzee akaniomba daftari, akalisoma, akasema si kweli.

Akateremka shimoni, miaka yake themanini na ushee, fundi akimshika mkono. Akapapasa ukuta wa shimo kwa vidole, upande wa kaskazini, mpaka akafika mahali udongo unabadilika: rangi ya kijivu, kokoto ndogo zilizogandana, ukingo ulionyooka kwa urefu wa mkono. Ni kitako cha zege la kushikilia jiwe. Wachimbaji walipasua jiwe na sehemu ya kitako, upande mmoja ukabaki.

"Mpimaji hakupima jiwe, mwalimu. Alipima hapa. Jiwe ni shahidi tu, na shahidi akifa shamba halihami."

Nimechora upya jedwali la daftari. Mwanzo lilikuwa na safu mbili, limepatikana na halijapatikana. Sasa lina safu tatu: jiwe na mahali, mahali bila jiwe, jiwe bila mahali. Namba 6 iko safu ya kwanza, namba 5 safu ya pili. Nilidhani safu ya tatu itabaki tupu.

Jumamosi, 19 Julai

Namba 8. Upupu. Hatukuona jiwe, tuliona upupu, au tuseme upupu ulituona sisi. Dereva alijipaka udongo, fundi alijipaka majivu, mimi nilijimwagia maji na nikajuta. Tutarudi uishe.

Jumamosi, 2 Agosti

Habari za namba 7 zilitujia zenyewe. Mjumbe aliyeshika futi kamba amegeuka mpelelezi wetu, na alituambia kuna bibi mmoja ana jiwe lenye "maandishi ya kuku" mlangoni kwake.

Tulimkuta amekaa juu yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Na wewe mzee mwenzangu, za siku nyingi." Wanajuana tangu ngoma za ujana wao, na ilipita nusu saa kabla ya jiwe kutajwa. Sikuharakisha. Nimejifunza kwenye baraza.

Jiwe ni ngazi ya mlango. Uso wenye mshale umeangalia juu, umesuguliwa na nyayo hadi mstari wa kulala haupo tena. Ubavuni, ukiinama, inasomeka 7 iliyochongwa. Ukingo mmoja una bonde laini, kama la kiti kilichozoeleka. Bibi hunolea kisu hapo, alimnolea marehemu mumewe panga hapo, na wanawe wamevunjia hapo mbegu za korosho zilizobanikwa, miaka hiyo yote.

Nikamuuliza lilitoka wapi. Mumewe alilileta kwa mkokoteni wakati wa kujenga nyumba hii. Wapi hasa?

"Kwenye mkwaju wa kisima cha zamani. Lilikuwa limelala, ng'ombe wamelisukuma. Alisema jiwe zuri vile linalala bure."

Mkwaju upo. Kisima kimefukiwa, lakini mkwaju upo. Kutoka namba 6 hadi 7 fotokopi inasema futi 1,980, yaani minyororo thelathini, mita 603 na nusu. Tukarudi hadi namba 6 tukaanza kupima, jua la saa saba kichwani. Ilikuwa kazi. Kuna nyumba mbili katikati na ukuta mmoja, ikabidi tupinde pembe na kurudi. Mita ya 603 ikaishia kwenye kivuli cha mkwaju, hatua tano au sita kutoka shinani. Fundi akachoma mtarimbo mara kumi na mbili na hakupata kitako. Kwa makosa ya futi kamba yetu na pembe zile mbili, siwezi kusema ni hapa au pale. Lakini bibi aliyekuwa hajaona ramani yoyote, na mpimaji ambaye hajawahi kumwona bibi, wamekutana chini ya mti mmoja.

Tuliporudi kumweleza, dereva akasema kwa furaha, "Basi bibi, tunaweza kulirudisha!"

Kimya. Bibi akamtazama kama alivyomtazama ng'ombe aliyesukuma jiwe.

"Mjukuu wangu, mlimani huko lilikaa miaka mingapi?"

Hatukujua.

"Hapa limekaa tangu mtoto wangu wa kwanza, na sasa ana wajukuu. Mkilichukua nitapandaje mlango?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mzee alikuwa anatazama kwingine akizuia kicheko. Namba 7: jiwe bila mahali, mahali karibu papo. Limeachwa ngazini. Bibi ametupa mabibo makavu, mfuko mzima, na onyo kwamba akija mtu mwingine kuliulizia atajua ni sisi tuliosema.

Jumamosi, 16 Agosti

Wiki mbili za ofisi. Nilikwenda ofisi moja kuuliza kama kuna orodha ya mawe haya, nikaambiwa nije Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa nilete barua ya mkuu wa shule. Barua ikaambiwa haina muhuri. Orodha sijaiona bado. Nimerudi kwenye sheria, ambayo haihitaji muhuri kusomwa.

Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, inalinda alama za upimaji: kung'oa au kuharibu ni kosa. Kwa hiyo waliochimba namba 5 walivunja sheria, na marehemu mume wa bibi pengine naye, kwa mkokoteni. Tukaamua hilo haliandikwi popote nje ya daftari hili.

Upande wa mambo ya kale ni mgumu zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo na vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Cha baadaye kinahitaji kutangazwa. Jiwe la Mwingereza limechelewa zaidi ya nusu karne.

Dereva alipendekeza tujenge uzio. Nilikuwa nimemsimulia kwamba Washington, mwaka 1915, chama cha akina mama kilianza kuyawekea mawe yale uzio wa chuma, moja moja, na nyuzio hizo ndizo zilizoyaokoa. Fundi akaomba asikilizwe. "Mkiweka nondo pale Mtanda leo, Ijumaa iko kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Na atakayeing'oa atasema, kumbe kweli kuna mali, wameilinda." Wazo limekufa hapo. Kinga ya namba 6 kwa sasa ni majani makavu tuliyoyarudisha juu yake na mwenye shamba asiyependa wageni.

Jumamosi, 23 Agosti

Namba 1, 2 na 3 kwa siku moja, kwa sababu hakuna cha kukaa. Namba 1 ilikuwa ufukweni, bahari imekula ufuko pale. Namba 2 inaanguka katikati ya lami. Namba 3 ni ndani ya ukuta wa ghala. Mlinzi alitusikiliza kwa adabu na hakutufungulia.

Jioni mzee alisema jambo ambalo limenikaa. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba mawe matatu ya upande huu yamekwenda. Yeye akashangaa kwamba ya mlimani yamebaki. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini. Miaka ya 1950 makao yakahamia Mtwara, palipojengwa bandari ya kina kirefu na kuanzia reli ya mradi wa karanga, na mji wetu ukakaa kimya miaka mingi. Kama ungepewa bandari ile, kusingekuwa na mkorosho Mtanda wala jiwe chini yake. Mawe yetu yamelindwa na kusahauliwa. Kwa mtu wa Lindi ni neno chungu kidogo, lakini alilisema huku anakula dagaa na hakuonekana kuumia.

Jumanne, 9 Septemba

Tuko likizo fupi, kwa hiyo tumeweza kufuata maji badala ya kufuata Jumamosi. Namba 11 iko kwenye mikoko, na mzee alikwisha kusema hatutaiona ila bamvua. Jumapili usiku mwezi ulipatwa, mtaa mzima uko nje unautazama ukiiva kama shaba, na yeye akatuma ujumbe kwa mjukuu wake: mwezi umejaa, Jumanne asubuhi maji yatakupwa sana, mje na viatu vya zamani.

Saa nne na nusu tulikuwa ukingoni na nahodha mmoja wa ngalawa tuliyeelekezwa kwake. Nikamwonyesha fotokopi, nikaanza kumweleza nukta. Akaitazama kwa heshima kisha akasema, "Mnataka Kigingi."

Kumbe lina jina. Wavuvi wa upande ule wanalijua wote, hufungia ngalawa zao hapo. Tukatembea kwenye tope hadi kwenye magoti, kaa wakitukimbia, mzee akibebwa mgongoni na fundi na akilalamika njia nzima kwamba anabebwa vibaya. Jiwe limesimama kwenye uwazi kati ya mikoko miwili, limeinama kidogo kuelekea baharini, limevaa chaza kuanzia chini hadi maji ya kawaida yanapofikia. Juu ya hapo ni jiwe safi. Kamba zimelikata mfereji kiunoni, wa kina cha kidole gumba.

Uso wa juu umelika, mshale haupo. Ubavuni fundi alikwangua chaza wachache kwa kisu, nahodha akamwambia inatosha, tukasoma moja na moja.

Nikauliza kama kuna anayekumbuka limewahi kuhamishwa. Nahodha akacheka. Mtarimbo ulishuka kandokando yake, ukapita tope, ukagonga kitako pande zote nne. Fundi aliusikiliza mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. Safu ya kwanza: jiwe na mahali. La pili katika mradi mzima.

Nikatoa chaki, kwa mazoea. Nahodha akaushika mkono wangu.

"Hapana, mwalimu. Mkiliandika watakuja kulichimba, na mimi nitafunga wapi?"

Nimelipiga picha kwa karibu tu, mikoko isionekane. Maji yalianza kurudi saa sita kasoro, yakituzunguka vifundoni. Nahodha akarusha kamba, ikaingia kwenye mfereji wake bila yeye kutazama.

Zimebaki namba 4, 8, 9 na 10. Upupu wa namba 8 dereva anasema umekauka, amekwenda kuuangalia kutoka mbali. Mtarimbo urudishwe kwa shemeji Alhamisi, anauhitaji.